Mgando, Mnaso na Mwambato: Ufafanuzi wa Uunganishaji wa Akriliki ya Meno ya Bandia na Aloi za Metali kwa Kurejelea Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna akriliki inayotumika kutengeneza kitako cha meno ya bandia inavyounganishwa na aloi za metali, na sababu zinazofanya muungano huo ushindwe. Ufafanuzi umefanywa kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako mwinuko wa nchi, maji yenye floraidi na umbali kutoka maabara za meno huigusa kazi hii kwa namna mahususi. Hoja inayojengwa ni kwamba kitenzi kimoja, kuganda, kimebebeshwa dhana tatu zilizo tofauti, na kwamba mkanganyiko huo hauishii kwenye kamusi bali hufika kinywani mwa mgonjwa. Istilahi mgando, mnaso na mwambato zinapendekezwa na kutumiwa katika makala nzima ili msomaji azipime zikiwa kazini.

1.0 Utangulizi

Wakati wa kukusanya data za utafiti wa uzamivu kuhusu istilahi za tiba ya kinywa, mwandishi wa makala hii aliketi kwa siku kadhaa katika chumba cha matibabu ya meno cha kituo kimoja wilayani Hanang. Siku mojawapo aliingia mama wa makamo, akafungua fundo la leso na kumwaga mezani vipande viwili: fremu nyembamba ya metali yenye kulabu za kushikia meno, na kipande cha akriliki cha rangi ya ufizi kikiwa bado na meno matatu. Tabibu, kijana aliyekuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe, alimwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimewarudishia mzigo wenu.”

Tabibu alivigeuzageuza vile vipande. “Lakini hii ilikuwa imeganda vizuri kabisa, mama. Sijui imekuwaje.”

“Kama iliganda, mbona imebanduka?”

Swali hilo halikujibiwa siku ile. Tabibu hakuwa mzembe; meno yale yalitengenezwa katika maabara ya mji wa mbali, naye aliyapokea na kumvisha mgonjwa tu. Wala mama hakuwa na kosa. Alichokosa kila mmoja wao ni lugha ya kutofautisha mambo mawili yaliyotokea katika kipande kilekile: akriliki kweli ilikuwa imeganda, yaani imegeuka kutoka ujiuji kuwa kitu kigumu, lakini haikuwa imeambatana na metali iliyokuwa chini yake. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la yule mama kwa ukamilifu ambao mtahini wa sayansi ataukubali, na kwa lugha ambayo tabibu wa wilayani anaweza kuitumia mbele ya mgonjwa.

2.0 Mazingira ya Mbulu na Hanang

Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002, makao makuu yake yakiwa Babati. Mbulu na Hanang ni wilaya za nyanda za juu, zilizo kando ya Bonde la Ufa. Katika eneo hili hukutana lugha za asili tofauti kabisa: Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha jamii ya Kinailoti, lugha za Kibantu, na upande wa Bonde la Yaeda, Kihadza. Mgonjwa na tabibu mara nyingi hawana lugha moja ya nyumbani, hivyo Kiswahili ndicho kinachobeba maelezo ya tiba. Kikipwaya Kiswahili, hakuna lugha ya pili ya kukimbilia.

Jambo la pili ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachia floraidi katika maji ya chemchemi na visima, na katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania kiwango huzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi yanayotumika kulainishia maharage na mboga huongeza kiasi hicho. Matokeo yake ni meno yenye madoa ya kahawia na enameli inayomeguka. Kwa mada yetu, hali hii ina athari mbili. Kulabu za fremu ya metali hutegemea jino zima lenye umbo la kutegemewa, na jino lililomeguka enameli hushika kulabu vibaya, hivyo fremu huchezacheza na kuikamua akriliki kila mtu anapotafuna. Athari nyingine ni ya sura: vipimo vya rangi vya viwandani, kikiwamo kile kilichozoeleka chenye rangi 16, havina rangi ya jino la mtu aliyekulia kwenye maji ya floraidi. Mtu hupewa meno matatu meupe katikati ya meno yake ya kahawia, akacheka kwa kuziba mdomo kama alivyokuwa akifanya kabla ya kutibiwa. Hilo si tatizo la mwambato, lakini mtu aliyeliona hawezi kuliacha bila kulitaja.

Tatu ni umbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imekuwa tegemeo la watu wa Mbulu na wilaya jirani kwa miongo mingi, na Katesh, makao makuu ya Hanang, ipo kando ya barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati. Hata hivyo fremu ya metali hutengenezwa katika maabara yenye tanuru la kuyeyushia aloi, na maabara za namna hiyo ziko katika miji mikubwa. Meno ya bandia yakiharibika, mgonjwa wa kijijini huwa na njia mbili: kusafiri au kununua gundi dukani. Wengi hununua gundi.

3.0 Vitu Viwili Visivyofanana

Akriliki ya meno ya bandia, kwa jina la kikemia polimethili methakrileti, ilianza kutumika katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 na ikachukua nafasi ya mpira uliopikwa kwa salfa, ambao ulikuwa umetawala tangu karne ya 19. Fundi huchanganya unga, ambao ni polima iliyokwisha kuundwa, na kimiminika, ambacho ni monoma. Mchanganyiko hupitia hatua ya kufanana na mchanga uliolowa, kisha ya kunatanata, kisha hufanana na donge la unga wa ngano uliokandwa. Katika hatua hiyo ya donge hushindiliwa ndani ya kalibu na kupashwa joto. Monoma hushikana mikono, molekuli kwa molekuli, hadi donge likawa gumu. Huo ndio mgando. Mgando una gharama yake: monoma ikiwa peke yake hunywea kwa takribani asilimia 21 ya ujazo inapogeuka polima, na mchanganyiko wa kawaida wa sehemu tatu za unga kwa moja ya kimiminika hunywea kwa asilimia kama 7.

Aloi inayotumika zaidi katika fremu ni ya kobalti na kromi. Kobalti huwa karibu asilimia 60, kromi kati ya 25 na 30, na molibdeni kiasi kidogo. Aloi hii ni ngumu, nyepesi kuliko dhahabu, na huweza kutengenezwa ikiwa nyembamba bila kupinda ovyo. Zipo pia aloi za nikeli na kromi, ambazo huwadhuru watu wenye mzio wa nikeli, na ipo titani. Kromi ndiyo inayoipa aloi sifa ya kutopata kutu mdomoni, kwa sababu ikikutana na hewa hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huu tutaurudia, maana ndio mlango pekee ambao akriliki inaweza kuingilia.

Tofauti iliyo hatari kuliko zote ni ya kutanuka. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi ikipanda, akriliki hurefuka kwa kati ya sehemu 70 na 80 katika kila milioni ya urefu wake, ilhali aloi ya kobalti na kromi hurefuka kwa sehemu 14 hivi. Tuchukue 74 kwa akriliki, tofauti ikawa 60. Mtu mwenye kitako cha milimita 40 akinywa chai inayokipasha kitako hicho kwa nyuzi 20, akriliki yake hutaka kurefuka kuliko metali kwa:

milimita 40 × nyuzi 20 × 0.00006 = milimita 0.048

Yaani mikromita 48. Bakteria wa kawaida wa kinywani ana upana wa karibu mikromita 1. Chai ikipoa, akriliki hurudi. Mtu akinywa vikombe viwili kwa siku, msuguano huo mpakani hutokea zaidi ya mara 700 kwa mwaka, bila kuhesabu uji wala ugali wa moto. Kama hakuna kitu kinachoifunga akriliki kwenye metali katika kila nukta ya mpaka, ufa utafunguka, mate yataingia, na pamoja na mate vitaingia rangi ya chai, harufu na vijidudu.

4.0 Mnaso

Njia ya kale ya kuzishikanisha ni ya kimakenika. Msomaji aliyewahi kuona tembe likijengwa anaijua tayari. Udongo hautandikwi juu ya ubao laini. Hukandikwa juu ya fito zilizosukwa, ukapenya katikati ya fito na kutokeza upande wa pili. Ukikauka hunywea na kupasuka hapa na pale, lakini haudondoki, kwa kuwa umezizunguka fito. Ukiukandika udongo uleule juu ya bati, utakauka vilevile, utakuwa mgumu vilevile, na siku moja utabanduka bapa zima.

Fremu ya meno ya bandia hufanyiwa fito kwa sababu hiyohiyo. Sehemu itakayobeba akriliki husanifiwa ikiwa wavu, vitanzi, au shanga ndogondogo za metali zilizotapakaa juu ya uso. Chini ya wavu hutangulizwa nta yenye unene wa karibu milimita 1 ili wavu usikae juu ya ufizi moja kwa moja. Nta ikiondolewa, akriliki hujaza nafasi hiyo na kuukumbatia wavu pande zote. Fundi anayebana nafasi hii kwa kuogopa unene hupata akriliki iliyo juu ya wavu tu, na hiyo ni sawa na udongo uliopakwa upande mmoja wa fito.

Mahali akriliki inapokoma na metali tupu kuanza pana mstari wa kikomo. Mstari huu huhitaji kingo iliyosimama, ili akriliki ikome ikiwa na unene wa kutosha. Akriliki iliyokonda hadi kuwa kama ukingo wa jani huinuka mapema, na ulimi huigundua kabla ya jicho. Mstari wa upande wa juu na ule wa upande wa chini havitakiwi kulingana, kwa sababu vikilingana metali hubaki nyembamba mahali pamoja na kuvunjikia hapo.

Mnaso ni imara, na kwa miongo mingi ulitosha kwa maana ya kwamba akriliki haikudondoka. Lakini mnaso haufungi mpaka. Udongo wa tembe umezishika fito, hata hivyo mchwa hupita kati ya udongo na mti. Vivyo hivyo mate hupita kati ya akriliki na wavu. Zaidi ya hayo, zipo sehemu ambazo hazina nafasi ya wavu, kama vile mgongo wa jino moja la mbele lenye ufizi mfupi. Kipande cha yule mama kilikuwa cha aina hii: metali yake ilikuwa na shanga chache upande mmoja, na upande mwingine ilikuwa laini na inang'aa kama kijiko kipya.

5.0 Mwambato

Mwambato ni hali ya vitu viwili kushikana katika uso wao wenyewe, bila kimoja kulazimika kukizunguka kingine. Ili upatikane kwa akriliki na aloi, hatua mbili hufuatana, na ya pili haifai kitu bila ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni kuuandaa uso. Metali hupigwa kwa chembechembe za oksidi ya alumini zinazorushwa kwa hewa ya kompresa, chembe zenye ukubwa wa mikromita 50 au 110. Mpigo huo huondoa uchafu, huacha mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho, na huongeza eneo la uso. Utando wa oksidi ya kromi unaokwanguliwa hujirudisha mara moja kwa hewa, ukiwa mpya na safi. Kuanzia hapo metali haiguswi kwa kidole. Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko ukosefu wa vifaa ni nta: mabaki yake yasipooshwa kwa maji ya moto safi yenye sabuni, hubaki kama utando wa mafuta ambao dawa yoyote itakayofuata itaukalia badala ya kuikalia metali. Kosa linalofanana nalo ni kupaka juu ya metali ile dawa ya kutenganisha inayopakwa kwenye plasta. Kazi yake ni kuzuia kushikana, na itaifanya kwa uaminifu popote itakapopakwa.

Hatua ya pili ni praima. Neno hili mafundi rangi wa Tanzania wanalitumia kila siku kwa rangi ya kwanza inayopakwa juu ya bati ili rangi halisi ishike, na hakuna sababu ya kulikataa hapa. Praima ya metali ina molekuli yenye ncha mbili. Ncha moja hupenda oksidi ya metali. Ncha nyingine ina kifungo maradufu cha kaboni kama kile cha monoma ya akriliki, kwa hiyo akriliki inapoganda humjumuisha mgeni huyu katika mnyororo wake. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walitangaza molekuli ya aina hii iitwayo kwa kifupi 4-META, ambayo ikikutana na maji hufunguka na kutoa vikundi vya kaboksili vinavyoshika oksidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Kuraray ya hukohuko Japani ilitoa nyingine, MDP, ambayo ncha yake ya metali ni fosfeti. Zote mbili huishika vizuri aloi ya kobalti na kromi, kwa sababu aloi hiyo ina oksidi ya kushikwa. Dhahabu haina oksidi ya namna hiyo. Kwa aloi zake hutumika molekuli zenye salfa. Fundi anayenunua chupa ya praima bila kusoma kama ni ya dhahabu au ya kromi ananunua maji ya rangi.

Ujerumani ilifuata njia nyingine: kuipaka metali tabaka la silika kisha kulipaka sileni, kiunganishi kingine chenye ncha mbili. Mfumo uitwao Silicoater ulifanya hivyo kwa mwale wa moto, na Rocatec, uliokuja mwaka 1989, kwa kurusha chembe za oksidi ya alumini zilizovikwa silika, ambazo hugonga metali kwa nguvu kiasi cha kuacha silika imejipachika. Njia hizi ni nzuri, ila zinadai mashine mahususi. Praima inadai chupa moja na brashi, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayostahili kuzungumzwa wilayani.

Nguvu ya mwambato hupimwa kwa kusukuma kidonge cha akriliki kilichounganishwa juu ya bamba la metali mpaka kitoke, na kugawanya nguvu iliyotumika kwa eneo lililoshikana. Kiwango cha kimataifa ISO 10477, ambacho kinahusu polima za kuvishia meno, hudai angalau megapaskali 5. Kwa kidonge chenye kipenyo cha milimita 5, hiyo ni sawa na kukining'inizia ndoo yenye lita 10 za maji. Jambo la kuzingatia ni lini kipimo kinafanywa. Vielelezo huzungushwa maelfu ya mara kati ya maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55 kabla ya kusukumwa, kwa kuwa maji huifikia mipaka taratibu na kuvunja vifungo vya kikemia kimoja baada ya kingine. Kielelezo kinachofanya vizuri siku ya kwanza huweza kushindwa baada ya mizunguko hiyo. Msomaji wa tafiti hizi asikubali tarakimu isiyoambatana na historia ya maji.

Baada ya kipimo, uso uliovunjika hutazamwa kwa hadubini. Kiswahili hapa kina neema, maana kina vitenzi viwili vilivyo tayari. Ikiwa metali imebaki tupu, akriliki imebanduka. Ikiwa metali bado imevikwa akriliki na ufa umepita ndani ya akriliki yenyewe, basi imevunjika. Kubanduka ni hukumu dhidi ya mwambato. Kuvunjika ni hukumu dhidi ya akriliki. Yule mama wa Hanang, bila hadubini, alitumia kitenzi sahihi.

6.0 Maji Yanayochemka Mapema

Vitabu vya ufundi wa meno vimeandikwa na watu walioishi karibu na usawa wa bahari. Huelekeza akriliki ipikwe katika maji ya nyuzi 74 kwa saa 8, au kwa nyuzi 74 kwa saa moja na nusu hadi mbili, kisha maji yachemke kwa saa 1. Wanaposema yachemke, wanamaanisha nyuzi 100.

Haydom iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Mbulu ziko juu zaidi. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni dogo, na maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwa takribani nyuzi 94. Kila mpishi wa maharage huko anajua kwamba huchelewa kuiva. Ni sababu mojawapo ya kuyatia magadi. Fundi anayepika akriliki katika sufuria Mbulu na kuamini amefikisha nyuzi 100 hajazifikisha, hata akiongeza kuni. Sehemu ya monoma huachwa bila kuungana, na monoma iliyobaki huilainisha akriliki, huwasha ufizi wa baadhi ya watu, na hupunguza uwezo wa akriliki kustahimili mikikimikiki mpakani mwa metali.

Tiba yake si ngumu. Mzunguko mrefu wa nyuzi 74 hauathiriwi na mwinuko, kwa hiyo ndio wa kupendelewa. Anayetaka mzunguko mfupi aongeze muda wa mwisho au atumie chungu cha shinikizo kinachofungwa. Ila asikimbilie moto mkali tangu mwanzo. Monoma nayo huchemka kwa joto lililo karibu na la maji, na katika donge nene huweza kuacha vitundu kama vya mkate.

Linalohusu mwambato moja kwa moja ni kupoza. Akriliki ikitoka karibu nyuzi 95 hadi 35, tofauti ya kunywea kati yake na metali, kwa hesabu ileile ya milimita 40, ni milimita 0.144. Ikipewa muda, sehemu ya mkazo huo hulegea akriliki ingali na joto. Kalibu ikitumbukizwa katika maji ya bomba ya Mbulu mwezi Julai, ambayo mkono wenyewe huyaogopa, mkazo wote hubaki umefungiwa mpakani kabla meno hayajaingia mdomoni hata mara moja. Kalibu na iachwe mezani ipoe yenyewe.

7.0 Tatizo la Neno Kuganda

Sasa turejee kwenye lugha. Katika mazungumzo yaliyosikika chumbani mle, kitenzi kuganda kilitumika kwa maana tatu: akriliki kuwa ngumu, akriliki kunaswa na wavu, na akriliki kushikana na uso wa metali. Si jambo la kushangaza. Kiswahili cha kawaida kinaruhusu maji yagande kwa baridi, damu igande kwenye kidonda, na kupe agande kwenye ngozi ya ng'ombe. Kupe hagandi kama maji yanavyoganda, na hakuna mfugaji anayechanganyikiwa. Muktadha wa malishoni unamwokoa. Muktadha wa maabara hauokoi, kwa sababu pale akriliki hufanya yote mawili kwa wakati mmoja au hufanya moja bila jingine.

Wazo la kwanza lilikuwa kutumia kushika kwa maana ya kushikana na uso. Halikudumu. Mafundi ujenzi husema zege limeshika wakimaanisha limekuwa gumu, hivyo tungekuwa tumehamisha utata kutoka neno moja hadi jingine. Mnato nao umekwisha kuchukuliwa na fizikia kwa sifa ya kimiminika kizito kama asali, na akriliki ina hatua ambayo mnato wa aina hiyo hupimwa. Kulitumia neno hilo mara mbili katika maabara moja kungekuwa uzembe. Kubaki na neno la kigeni lililoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, bondi, kuna watetezi wake. Kwa mgonjwa, hata hivyo, bondi ni dhamana ya mkopo.

Mwambato linatokana na kuambata, kitenzi kilichomo katika kamusi kwa maana ya kushikamana na kitu, na wanazuoni tunakikuta kila tunapoandika viambatisho. Mnaso linatokana na kunasa, na hubeba picha ya mtego: kilichonaswa hakitoki kwa sababu kimezingirwa. Mgando limebaki kwa maana yake ya msingi. Maneno haya matatu yalijaribiwa kwa njia rahisi, ya kumwomba msikilizaji aeleze upya kwa maneno yake alichoelewa. Kikwazo kilijitokeza kwenye mwambato, ambalo wazee wachache walilisikia kama neno la ofisini. Kitenzi chake, imeambatana, hakikuwapa shida. Inawezekana basi kwamba nomino ibaki kwenye maandishi na kitenzi kitumike chumbani.

8.0 Ukarabati na Jibu la Mama

Gundi ya dukani inayokauka kwa sekunde chache hudanganya kwa sababu inaganda mbele ya macho ya mtu. Ni ngumu, inakatika kirahisi, na katika mate ya uvuguvugu mwambato wake huoza kwa siku au wiki. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huacha ganda juu ya metali na juu ya akriliki, na vipande havikai tena mahali pake. Mara kadhaa tabibu akitazama kazi iliyogundishwa nyumbani hana la kufanya ila kuanza upya.

Mama alikuwa hajatia gundi. Hilo liliacha njia wazi. Akriliki ya zamani iliyosalia kwenye shanga ilipaswa kuondolewa yote, maana akriliki mpya juu ya iliyolowa mate kwa mwaka mzima ni msingi dhaifu. Metali ilipaswa kupigwa chembe za oksidi ya alumini. Mahali pasipo na mashine hiyo, kukwaruzwa kwa jiwe la kusagia husaidia, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Kisha praima ya kromi, tabaka moja jembamba, iachwe ikauke. Kisha akriliki ya kuganda bila moto, ndani ya chungu cha shinikizo kama kipo. Upande ule laini ulihitaji pia kuchimbwa vifereji, ili mnaso ubebe sehemu ya kazi ambayo mwambato haupaswi kuachiwa peke yake.

Kituo kilikuwa na jiwe la kusagia na akriliki. Praima hakikuwa nayo. Tabibu alimweleza mama, safari hii kwa maneno tofauti: kwamba kile kipande kilikuwa kigumu lakini hakikuwa kimeambatana na bati, kwamba anaweza kukirudisha leo bila dawa ya kukiambatisha, na huenda kikadumu mpaka mavuno, au akisubiri, atakituma kwa basi pamoja na maelezo ya maandishi ya kinachotakiwa kufanywa. Mama aliuliza basi linalipiwa na nani. Akauliza pia, hayo maandishi yatakuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwa maana angependa mwanawe amsomee kabla ya kufunga bahasha.

Yaliandikwa kwa Kiswahili, mistari sita, na neno kuambatana lilitumika mara mbili.